Ng'ombe wa Chuol

Bei ya saa ilitajwa kwa ng'ombe.

"Ishirini na watano," alisema Jal. Mama yake, aliyekuwa ameketi kitandani, aliitikia kwa kidevu, macho yake yakiwa mlangoni kana kwamba ng'ombe hao walikuwa wanapita pale nje mmoja mmoja naye anawahesabu.

Awino alicheka. Huu ulikuwa mwaka wake wa saba wa kununua dhahabu Lodwar. Wachimbaji walikuwa wamemtajia bei kwa gramu, kwa magunia ya unga, hata kwa tairi za pikipiki. Kwa ng'ombe, bado.

"Jal, mimi ni Mjaluo wa Homa Bay. Ng'ombe usiniambie mimi. Nitajie shilingi tusichoshane."

"Ng'ombe mmoja sokoni ni elfu arobaini na nane. Piga mara ishirini na tano, madam."

"Milioni moja na laki mbili."

"Umeona? Hesabu ni rahisi."

"Hesabu ni rahisi, bei ndiyo ngumu. Toa wale watano wanaochechemea, tubaki na ishirini."

Jal alitabasamu, akamgeukia mama yake na kumtafsiria kwa Kinuer. Mama huyo, Nyaruach, hakutabasamu. Alisema maneno machache, na Jal akakuna shingo kabla ya kuyatoa.

"Mama anauliza, kwenu mkienda kuposa, nyinyi hupeleka ng'ombe pungufu halafu mnachukua msichana pungufu?"

Awino alijua amejibiwa.

Saa yenyewe ilikuwa mkononi mwa Nyaruach, imepandishwa karibu na kiwiko kwa sababu kifundo chake kilikuwa chembamba mno. Ilikuwa saa ya Uswisi, ya dhahabu kuanzia ukingo wa kioo hadi kifungo cha mkanda. Ndani ya chumba kile cha matofali ya udongo, chini ya bati lililokuwa likilia kwa jua la kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ilionekana kama kitu kilichopotea njia. Awino alikuwa ameelekezwa hapo na Mukendi, fundi Mkongo anayetengeneza saa na redio karibu na soko la Wahabeshi. Mukendi alikuwa ameifungua akaona mashine ya ndani ni ya kweli. "Dahabu ndiyo siwezi kuapia," alimwambia kwenye simu. "Dahabu ni kazi yako, dada."

Na kwa Awino hiyo haikuwa kazi ndogo. Kulikuwa na mnunuzi Nairobi aliyekuwa tayari kutoa milioni mbili na nusu, mradi saa iwe inatembea na dhahabu iwe dhahabu. Awino alikuwa na milioni moja na laki mbili na nusu, na nje ya hizo hakuwa na kitu. Hakuwa na shamba, wala mume wa kumkopesha. Faida ya saa hiyo ingemnunulia mashine ya kusaga mawe kule Lorugum, naye angeacha kuokota gramu mbilimbili mezani kama kuku. Lakini kama ilikuwa shaba iliyopakwa rangi, basi miaka saba yote ingekuwa imeishia kwenye chumba kile.

"Kwa nini ng'ombe?" aliuliza. "Kwa nini ishirini na watano kamili?"

Jal akamweleza. Saa ilikuwa ya kaka yake, Chuol, aliyekuwa dereva wa tajiri mmoja Juba. Siku moja Chuol alimtoa tajiri huyo barabarani penye risasi, na tajiri akaivua saa mkononi mwake akamvisha. Mwaka elfu mbili ishirini na mbili Chuol alipanda boti kwenda Malakal. Kabla ya kupanda alimwachia rafiki saa hiyo, akiogopa wezi wa safarini. Boti lilizama. Saa ilikuja Kakuma mfukoni mwa rafiki. Chuol hakuja, wala mwili wake.

"Hakuwa na mke wala mtoto," alisema Jal. "Kwetu mtu hawezi kuachwa hivyo. Jina lake linakatika, naye anakasirika. Kwa hiyo mimi nitamwolea mke. Msichana ni binti wa Bichiok, hapa Kakuma. Nitakaa naye mimi, lakini mke ni wa Chuol, na watoto watakuwa wa Chuol. Bichiok anataka ng'ombe ishirini na watano, na watu wake wanakuja Jumamosi. Ng'ombe wa Chuol lazima watoke kwenye mali ya Chuol. Na mali yake ndiyo hiyo."

"Na wewe? Wako utamwoa lini?"

"Mimi niko hai, madam. Mimi naweza kungoja."

Walielewana hivi: Awino angeacha milioni moja na laki mbili zote kwenye sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha Nyaruach, Mukendi angeandika karatasi, na Awino angeenda na saa Lodwar siku tatu aipime kwa vifaa vyake. Ikiwa dhahabu, biashara imekwisha. Ikiwa si dhahabu, angeirudisha na kuchukua pesa zake.

Nyaruach aliivua mwenyewe. Kabla ya kuitoa aliiweka sikioni, akafumba macho. Kisha akasema, na Jal akatafsiri sentensi moja moja.

"Haina betri. Inakula mwendo wa mkono. Ikiwekwa chini siku mbili, inakufa. Mama ameivaa kila siku tangu ije, hata alipolazwa na malaria. Haijasimama hata mara moja. Kwa hiyo uivae. Usiiweke chini."

"Iko nyuma saa nzima," alisema Awino akiitazama.

"Iko saa ya Juba. Usiiguse."

Ilimkaa Awino mkononi barabara, kama iliyopimwa kwa ajili yake. Alipotoka nje kwenye jua aligundua kwamba dhahabu ile ilikuwa na joto, na halikuwa joto la ngozi ya Nyaruach peke yake.

*

Duka lake Lodwar lilikuwa chumba kimoja chenye meza, mizani mbili, chupa za tindikali, na benchi ukutani ambapo wachimbaji huketi kungoja zamu. Asubuhi ya kwanza Ekwam alikuja na vumbi la dhahabu kutoka Loima. Ekwam alikuwa dalali wake, Mturkana mzima mwenye sauti ya kuita mbuzi.

"Mama Mizani, ejok!"

"Ejok-nooi, Ekwam. Keti."

Ekwam hakuketi. Alisimama akilitazama benchi, kisha akaenda kusimama kando ya meza, mahali asipopenda kwa sababu ya harufu ya tindikali.

"Kwa nini hukai?"

"Benchi imejaa."

"Imejaa nini? Uko peke yako."

Ekwam alimtazama kwa yale macho anayomtazamia mtu anayedanganya uzito. "Mgeni yako hii mrefu. Mimi nasalimia yeye kwa mlango, ejok, ejok, yeye nanyamaza tu. Kama mtu ya serikali."

Awino aligeuka. Benchi lilikuwa tupu. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umelala juu yake, na kwenye vumbi la sakafu, mbele ya benchi, kulikuwa na alama mbili ndefu, kama za mtu aliyenyoosha miguu. Alimpimia Ekwam vumbi lake haraka, akamlipa bila kumsumbua juu ya mchanga uliomo, na Ekwam akaondoka akishangaa bahati yake.

Alifagia sakafu. Baada ya chakula alama zilikuwepo tena.

Usiku alilala vizuri. Jambo hilo lilimsumbua zaidi kuliko kama angekosa usingizi, maana aliamka akijua kwamba alichokileta hakikuwa kitu cha gizani. Kilikuwa kinangoja duka lifunguliwe.

Siku ya pili, saa nane mchana, Lodwar ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Saa hizo hata bodaboda huzima injini wakalala juu ya matangi. Awino alikuwa ameinamia daftari, mgongo wake kwa benchi, aliposikia sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka:

"Sa kam?"

Kiarabu cha Juba alikisikia kila alipoenda Kakuma. Mtu alikuwa anauliza ni saa ngapi. Bila kuinua kichwa akatazama mkono. "Saba na..." Akakumbuka. "Hapana. Nane na dakika tano."

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Barabara yote hadi kwenye mikoma ya mtoni haikuwa na mtu.

Hasira ikaja juu ya woga, kama ilivyo desturi yake. Alijiambia kwamba saa hii inayosema uongo ndiyo inayomvuruga akili. Alikizungusha kijifundo cha pembeni cha kurekebishia saa mpaka kikalegea, akakivuta, akausogeza mshale mkubwa mzunguko mzima hadi saa ikasema kweli: nane na dakika saba, saa ya Lodwar. Akakirudisha kijifundo kwa kidole. Hakukikaza. Yeye alikuwa mtu wa dhahabu, si mtu wa saa. Hakujua kwamba kile kijifundo lazima kikazwe tena kama kizibo cha chupa, ndipo maji yasiingie.

Na kwa kuwa hasira ilikuwa bado ipo, akaamua aimalize kazi palepale.

Wanunuzi wa dhahabu wa Turkana hawaamini macho wala jiwe la kupimia wala tindikali mpaka waamini maji. Kipande hupimwa kikavu, kisha huning'inizwa kwa uzi ndani ya maji na kupimwa tena, na tofauti ya hesabu hizo mbili haijui kudanganya. Ndivyo Awino alivyonunua kila gramu ya maisha yake. Mkanda peke yake ungetosha. Lakini kuutoa kungehitaji bisibisi ya Mukendi, na usoni mwa saa yenyewe kulikuwa na maandishi madogo ya kujivunia kwamba inastahimili maji mita mia moja. Bakuli lake halikuwa na kina hata cha shubiri.

Aliifunga kwa uzi, akaishusha.

Mizani ikatulia. Akapiga hesabu, akarudia. Hata baada ya kuikisia mashine ya ndani, jibu lilikuwa moja. Dhahabu ya karati kumi na nane. Dhahabu ya kweli. Alijikuta amesimama, amejiziba mdomo kwa viganja viwili, akiiona mashine ya kusaga mawe ikinguruma Lorugum.

Kisha akaitoa, akaifuta kwa kanga, akaona ukungu.

Ulikuwa ndani ya kioo, mdogo, kama pumzi ya mtu. Ukakua. Tone likajikusanya chini ya tarakimu ya sita, likatikisika kila mshale wa sekunde ulipopita. Awino aliitikisa saa, akaivaa, akapunga mkono kama mwenda wazimu. Mshale ukawa unaruka, unangoja, unaruka. Saa nane na dakika arobaini na moja ulisimama.

Nyuma yake benchi lililia kama linavyolia mtu mzito anapoinuka.

*

"Imekunywa mayi," alisema Mukendi kwenye simu. "Dada Awino. Saa ya miaka mingi vile, unaiogesha kama mtoto?"

"Nisaidie, Mukendi. Inafufuka?"

"Mashine ile ikiingia mayi, inaanza kushika kutu ile ile siku. Vyuma vyake viko Ulaya. Mtu wako wa Nairobi akiifungula, ataona. Atakupa bei ya dahabu tu."

Bei ya dhahabu tu Awino alikuwa ameshaipiga. Ilikuwa milioni moja na elfu mia na hamsini. Akinunua kwa ng'ombe ishirini na watano na kuyeyusha, angepoteza elfu hamsini na siku tatu. Mashine ya kusaga mawe ilikuwa imekwenda, lakini mtaji ungebaki.

"Ama uirudishe," Mukendi aliendelea, akipunguza sauti. "Sema si dahabu nzuri. Sema imesimama yenyewe. Saa iko kusimama kila siku, hii ndiyo kazi inayonilisha. Chukua franga zako, rudi kwako. Nani atajua?"

"Nyaruach atajua."

"Atajua imesimama. Hatajua nani aliisimamisha."

Awino alikata simu. Aliivua saa, akaiweka mezani, akaitazama. Aliwahi kuambiwa na wachimbaji kwamba shimo likimfunika mtu, wenzake husikia akigonga kwa muda, na kinachowaumiza ni pale kugonga kunapokoma. Alikuwa amelisikia jambo hilo mara nyingi huku akipima dhahabu yao. Sasa aliinama, akaweka sikio juu ya kioo.

"Sa kam?" iliulizwa nyuma yake.

Hakuwa na saa ya kumjibia. Akakaa hivyohivyo, shavu likiwa juu ya meza, mpaka Ekwam alipopita nje na kuuliza kwa sauti yake ya mbuzi kama Mama Mizani anaumwa.

"Ekwam, yuko?"

"Nani?"

"Mgeni."

Ekwam alichungulia. "Yuko. Lakini sasa amesimama." Akasita. "Mama Mizani, mtu hii, nguo yake iko na maji. Nachuruzika mpaka kwa mlango. Alianguka mtoni?"

*

Ijumaa saa sita mchana alikuwa Kakuma, ndani ya chumba kile kile. Njia nzima alikuwa amejizoeza sentensi moja: imesimama yenyewe. Ilikuwa fupi, na karibu ilikuwa kweli.

Nyaruach hakumngoja aanze. Alinyoosha mkono, akaichukua saa, akaiweka sikioni na kufumba macho kama siku ile. Alikaa hivyo. Nje, kwenye uzio wa miiba ya mathenge, watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Alihamisha saa sikio la pili.

"Madam," alisema Jal polepole. "Imesimama."

"Ime..." Awino alianza. Akamtazama mama yule, ambaye alikuwa bado hajafumbua macho, akisikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja simu kutoka nchi nyingine. "Nimeitia majini," alisema. "Nilikuwa napima dhahabu. Dhahabu ni ya kweli. Lakini nilikichezea kile kijifundo cha pembeni, nikabadilisha saa yake, nikaiweka majini, ikafa mikononi mwangu."

Jal hakutafsiri.

"Mwambie."

"Madam, mama ni mzee. Mimi naweza kusema imeisha nguvu. Wewe chukua mzigo wako, sisi tubaki na ng'ombe, kila mtu aende zake. Hiyo ingine achana nayo."

"Jal. Mwambie, au nitamwonyesha kwa mikono."

Akamwambia. Neno la maji Awino alilitambua bila kulijua, kwa sababu lilipotoka uso wa Nyaruach ulifunguka, kisha ukafunga. Alisema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasema, amezama mara ya pili," alisema Jal.

Kisha Nyaruach akaanza kuzungumza, si kwa kilio bali kama mtu aliye barazani kwa mzee wa mtaa, akihesabu kwa vidole, na Jal akawa anabishana naye, akitikisa kichwa, akicheka cheko la aibu.

"Anasema nini?"

"Mambo ya zamani, madam. Nimemwambia ni saa tu. Hata pasta alimwambia ni saa tu."

"Anasema nini, Jal?"

Jal alikaa chini, mgongo ukutani. "Anasema hukununua. Umeua. Mpaka wewe ulipoishika alikuwa anatembea, na wewe umemsimamisha. Kwetu mtu akiua, hata kwa bahati mbaya, hulipa ng'ombe. Na ng'ombe wa aliyeuawa ndio wanaomwolea mke. Ndivyo ilivyo tangu mababu. Anasema ng'ombe wako tayari wako zizini." Akaonyesha sanduku la bati chini ya kitanda.

"Kwa hiyo pesa zibaki, nami niende na saa. Ndivyo tulivyopatana."

Jal akatafsiri. Nyaruach alimtazama Awino kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Anauliza, umewahi kumwona mtu akiua, akalipa, halafu akaibeba maiti kwake?"

Nyaruach aliendelea, na sasa Jal hakubishana, alitafsiri tu, akitazama sakafu.

"Anasema yeye hana askari. Sanduku halina kufuli. Ukitaka, sema saa ni mbovu, beba pesa zako, wala hatakushika nguo. Ukitaka, sema umenunua. Chukua saa, kayeyushe. Lakini Chuol anaifuata, na wewe utakaa naye huko Lodwar, sisi hatutaweza kumwita. Ama useme umeua. Ukisema hivyo unatuachia vyote viwili, saa na pesa, na yeye anabaki kwetu."

Awino alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ikajipanga yenyewe kichwani. Njia ya kwanza ilikuwa uongo, nao alikwisha kuuacha. Ya pili ilimgharimu elfu hamsini. Ya tatu ilimgharimu kila kitu. Tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa gramu za dhahabu ambazo zilikuwa pale, mkononi mwa mama yule, angeweza kuzigusa. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha. Karatasi ya Mukendi ilikuwa upande wake. Angeyeyusha kesho asubuhi, na dhahabu ikiyeyuka hukaa ndani ya chungu kama kiini cha yai, haina uso, haina jina, haiulizi kitu.

Alifungua mdomo kusema amenunua.

"Sa kam?"

Ilitoka pembeni mwa kitanda, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka. Awino hakugeuka. Alikuwa akimtazama Nyaruach, na ndiyo maana aliona: mama yule aliinua uso. Aliinua uso kama mama yeyote anavyouinua akiitwa na mwanawe kutoka chumba cha pili, bila mshangao wowote, na macho yake yakashuka kwenye saa, kwa mazoea, amjibu. Akaikuta imesimama.

Jal alikuwa anamfukuza nzi. Hakuwa amesikia kitu.

Awino akaelewa kwamba kwa miaka mitatu mwanamke huyu alikuwa akiulizwa swali hilo kila siku, na kila siku alijibu. Na kwamba lilikuwa jibu lisilotosha, kwa sababu mshale ulikuwa bado unatembea. Mtu aliyezama na boti zima, bila shahidi, alikuwa anauliza saa yake ya kufa. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Nane na dakika arobaini na moja," alisema Awino. "Juzi, Jumatano. Kwa saa ya Juba, saba na dakika arobaini na moja. Mchana. Jal, mwambie mama. Hiyo ndiyo saa aliyokufa. Mimi ndiye niliyemuua."

Jal alimtazama kana kwamba amepigwa. "Madam, unajua umesema nini? Hiyo ni milioni na..."

"Najua ni ngapi. Mimi ndiye niliyezileta. Tafsiri."

Alitafsiri. Nyaruach alirudia saa ile kwa lugha yake, mara moja kwake mwenyewe, na mara ya pili kwa sauti, akielekeza uso pembeni mwa kitanda. Kisha akalia. Alilia kwa kelele, kama watu wanavyolilia maiti iliyo ndani ya nyumba, hata majirani wakaanza kukusanyika kwenye uzio, na wanawake wakaingia bila kuuliza wakaketi sakafuni.

Jal aliwatoa nje baadaye, akafunga mlango. Walilivuta sanduku, akachimba kaburi dogo palepale lilipokuwa, kwa shoka kuukuu na bakuli, akihema, akinung'unika kwa Kiswahili ili mama yake asielewe. "Watu wanalala njaa hapa, na mimi nafukia dhahabu. Ningeuza mkanda peke yake ningefungua duka. Kaka, umenichosha, walahi." Lakini alichimba mpaka mkono wote ukaingia. Nyaruach aliifunga saa kwenye kitambaa cha kanisani, akailaza. Awino alikuwa ameona dhahabu nyingi ikitoka ardhini, mikononi mwa watu wenye kucha zilizovunjika. Hakuwahi kuiona ikirudi. Jal alipoanza kufukia, Awino alilazimika kushika vidole vyake mwenyewe, maana vilitaka kuingia shimoni. Aliona aibu, na vidole havikuacha.

Ilipokwisha, koo lake lilikuwa limekauka. Hakuwa amekunywa kitu tangu Lodwar. Kulikuwa na dumu la maji kando ya mlango, na kikombe cha plastiki juu yake. Alinyoosha mkono.

Jal alikiondoa kikombe. Hakukiondoa kwa ukali, lakini alikiondoa.

"Samahani, madam. Aliyeua hali wala hanywi kwa watu wa aliyeuawa. Akinywa, mmoja wao anakufa." Nyaruach aliongeza jambo kutoka kitandani, uso wake umevimba, sauti yake ikiwa karibu ya upole. "Anasema Bichiok atapokea ng'ombe kesho. Mtoto wa Chuol akizaliwa, utaitwa. Siku hiyo utakunywa hapa, yeye mwenyewe atakutekea. Kabla ya hapo, usipokee maji kwa mtu yeyote wa ukoo wetu. Hata ukibembelezwa."

Awino alitoka. Jua la saa nane lilikuwa limeikandamiza Kakuma yote chini. Alipita kati ya nyumba za udongo, akiwa na nauli ya kurudi tu kwenye mkoba. Wanawake waliokuwa wamesikia kilio walikuwa wamesimama milangoni mwao. Mmoja alimwona jinsi midomo yake ilivyokuwa imepasuka, akaingia ndani akatoka na kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama. Pole na msiba."

Awino alitikisa kichwa, akapita. Mlango uliofuata, mwingine. Akatikisa kichwa tena. Alikuwa na kiu ya kumfanya alie, na barabara kuu ilikuwa bado mbali, na hakujua ukoo wao unaishia mlango gani.